AirSense 10 kwenye chumba cha Mtwara: mashine ni nzuri, kazi iko kwenye umeme, barakoa na maji

Mashine hii haina betri ndani. Kwa mtu anayelala Shangani, Chikongola au Mikindani, hilo ni la kulijua kabla hata ya kuuliza bei. Umeme ukikatika saa nane usiku, feni yake inasimama, presha inaondoka kooni, na mgonjwa anarudi kukoroma na kukatika pumzi kama hajatibiwa kabisa. Tutalirudia hapo chini kwa hesabu, maana ndilo linalowafanya wengi waweke kabatini kifaa cha gharama kubwa baada ya mwezi mmoja.

AirSense 10 AutoSet ya ResMed ni mashine ya CPAP, ya kutibu ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Inavuta hewa ya kawaida ya chumbani na kuipuliza kwa presha ndogo isiyokatika, kupitia bomba na barakoa, ili koo la aliyelala lisilegee likajifunga. Haitoi oksijeni, wala haimpumulii mtu. Inashikilia njia wazi tu, kupumua anapumua mwenyewe. Tiba hii ilitangazwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Toleo hili la 10 lilitoka 2014, na 2021 likaja la 11, lakini la 10 bado linauzwa, jipya na la mtumba. Lina uzito wa kilo moja na robo hivi pamoja na chombo cha maji, na mlio wake ni desibeli 26.6, yaani feni ya kawaida ya chumbani inaufunika kabisa.

Kama mashine, tunaipa alama za juu. Presha yake inaanzia sentimita 4 za maji (ndicho kipimo cha presha hii) hadi 20, inapanda na kushuka yenyewe kufuatana na koo linavyobana, na taarifa ya asubuhi inasomeka bila kusomea udaktari. Inayoangusha watu ni mambo yanayoizunguka.

Kipimo kwanza

Usiinunue kwa sababu mwenzio wa chumbani analalamikia mkoromo. Kukoroma peke yake si ugonjwa huu. Dalili inayotakiwa kumfikisha mtu hospitali ni mkoromo unaokatika ghafla, kimya cha sekunde kadhaa, kisha mshtuko wa kuvuta pumzi kwa nguvu. Pamoja na usingizi wa mchana usiozuilika, kichwa kuuma asubuhi, kuamka kwenda haja ndogo mara kwa mara, au presha ya damu isiyoshuka licha ya dawa. Dereva wa lori la makaa ya mawe kutoka Songea anayesinzia kwenye usukani akifika Masasi asiambiwe ni uchovu wa safari tu. Apimwe.

Kwa kuanzia kuna maswali nane ya Epworth, kipimo alichokitunga Murray Johns wa Melbourne na kukichapisha 1991. Kila swali linauliza uwezekano wa kusinzia mahali fulani, ukisoma, ukiwa abiria kwenye gari, ukiwa umekaa baada ya chakula cha mchana, na unajipa alama 0 hadi 3. Jumla ikizidi 10, usingizi wa mchana umepita kiasi. Hayo hayathibitishi ugonjwa. Yanampa daktari sababu ya kuandika rufaa.

Kipimo chenyewe cha nyumbani ni usiku mmoja na vitu vitatu: mrija mwembamba puani, mkanda kifuani, kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Kinahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi ilisimama au kupungua kwa angalau sekunde 10. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni hali ndogo, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali.

Hapa kwetu kuna makosa mawili yanayoharibu kipimo hicho. La kwanza ni piko na rangi ya kucha. Kibano cha kidoleni kinapitisha mwanga kwenye ncha ya kidole. Ukucha uliopakwa piko nyeusi unameza mwanga huo, na oksijeni inasomeka ovyo au haisomeki. Mwanamke aliyetoka harusini atafute kidole kisichopakwa, au asubiri. La pili ni joto. Kifaa cha nyumbani kinagawanya matukio kwa saa zilizorekodiwa, kwa kuwa hakijui kama umelala au unajigeuza tu ukiwa macho. Chukua mtu aliyekatika pumzi mara 96 kwenye rekodi ya saa 8: anapata 12, hali ndogo. Kama kati ya hizo alilala 6 tu, hesabu ya kweli ni 16, hali ya wastani. Kwa hiyo washa kifaa unapokuwa tayari kulala, si unapomaliza kula, na uandike kwenye karatasi saa uliyokaa macho. Majibu yakiwa safi na dalili bado zipo, daktari asifunge faili. Aombe kipimo kamili cha maabara ya usingizi, chenye waya za kichwani, pembeni ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni, kinachojua usingizi wenyewe.

Wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, waliopata kiharusi, wenye ugonjwa mkubwa wa mapafu na wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini waende moja kwa moja kwenye kipimo kamili. Baadhi yao pumzi haikatiki kwa koo kuziba, inakatika kwa sababu ubongo hautoi amri ya kuvuta hewa, na mashine ya kujipangia kama hii si ya kuwekewa kwa kubahatisha. Wapo pia wasiotakiwa kuwekewa presha kabisa bila idhini ya daktari: wenye malengelenge makubwa kwenye mapafu, waliovuja hewa kifuani, wenye presha ya damu iliyoshuka sana, waliopungukiwa maji mwilini, na waliopasuliwa au kuumia fuvu karibuni au maji ya ubongo yakawa yanavuja.

Mipangilio inayotoka dukani haitoshi

Ikifunguliwa kwenye boksi, mashine inaweza kuachwa kwenye upana wote, 4 hadi 20. Muuzaji atasema inajipanga yenyewe. Ni kweli inajipanga, lakini mtu mzima mwenye mwili mkubwa akianzishiwa 4 anahisi anakosa hewa, anavua barakoa kabla koo halijaanza hata kulegea. Upande wa juu nao, 20 ikiachwa wazi na barakoa inavuja, mashine inaweza kupanda bila faida, uvujaji unazidi, mtu anaamka tumbo limejaa hewa. Mtaalamu asome usiku kadhaa wa kwanza, atazame presha ambayo mashine haikuivuka kwa asilimia 95 ya muda, kisha abane upana kuizunguka hiyo. Wengi wanapata nafuu kwa kuinua tu ile ya chini hadi 6 au 7.

Mengine mawili yapo kwenye menyu na watu hawayagusi. Kuna mahali pa kuchagua aina ya barakoa (ya kuziba pua na mdomo, ya pua, au ya vipira vya tundu za pua) na pengine pa kuchagua aina ya bomba. Ukibadilisha barakoa bila kubadilisha hapo, hesabu ya uvujaji inakuwa ya uongo na presha inayofika puani si ile iliyoandikwa. Halafu kuna EPR, inayopunguza presha kwa 1, 2 au 3 wakati wa kutoa pumzi. Anayesema "napigana na mashine nikitoa pumzi" awekewe hiyo kabla ya kukata tamaa.

Barakoa

Hapa ndipo pesa inapotea. Mashine nzuri na barakoa isiyokaa ni sawa na pampu nzuri kwenye bomba lililotoboka.

Barakoa ijaribiwe mtu akiwa amelala chali, kisha ubavu, hewa ikipuliza. Kujaribu ukiwa umekaa kwenye kiti cha duka hakuna maana, kwa sababu uso ukilala nyama zinahama. Ikianza kuvuja, mkono wa kwanza unaenda kwenye mikanda kuikaza. Ndiyo kosa. Mto wa silikoni wa barakoa una utando mwembamba unaotakiwa kujazwa na hewa ndipo uzibe. Ukikazwa sana utando unakunjamana, uvujaji unaongezeka, na ngozi ya juu ya pua inachubuka. Njia sahihi: legeza mikanda, washa hewa, vuta barakoa mbele kidogo iache uso ili utando ujae, iachie ikae, halafu kaza pande zote mbili sawasawa hadi uvujaji ukome tu. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda.

Mafuta ya nazi na vaselini vinapakwa usoni usiku na watu wengi wa pwani. Silikoni inateleza juu yake, na kwa muda mafuta yanaifanya iwe laini na nzito, haizibi tena. Paka mapema jioni, na kabla ya kulala nawa uso kwa sabuni mahali barakoa inapokaa. Ndevu nene zinapitisha hewa chini ya mto. Mwenye ndevu ajaribu vipira vya tundu za pua, vinavyokaa juu ya ndevu badala ya kuzilalia. Wenye rasta au misuko mikubwa wachague mikanda inayopita chini ya kisogo na si juu ya utosi, na mtandio uvaliwe juu ya mikanda, sio chini yake, la sivyo unateleza nao.

Kisha chandarua. Mashine isiwekwe ndani ya neti juu ya godoro: shuka linaziba tundu la hewa lililo nyuma yake. Iwe nje, kwenye kigoda kilicho chini kuliko kitanda, ili maji yanayojikusanya kwenye bomba yarudi kwenye mashine badala ya kumwagika puani. Usitoboe neti. Pitisha bomba chini ya pindo la neti upande wa kichwani, kisha chomeka pindo chini ya godoro juu ya bomba. Jembamba la milimita 15 linapita vizuri kuliko la kawaida. Tatizo ni kwamba mtu akigeuka analivuta na kuinua neti. Kwa hiyo funga bomba kwa kipande cha kitambaa kwenye ubao wa kichwani, nje ya neti, ukiacha kama sentimita 80 ndani kwa ajili ya kujigeuza. Usikaze kitambaa hadi bomba likabonyea.

Na kwa kuwa mashine inavuta hewa ya chumba, inavuta kila kilichomo. Dawa ya mbu ya kuwasha, udi na ubani vifukizwe mapema, milango ifunguliwe, moshi utoke kabisa. Filta inazuia vumbi. Harufu na moshi mwembamba vinapita, tena vinasukumwa kwa presha hadi kifuani.

Maji: mara nyingi hayahitajiki

AirSense 10 inakuja na chombo cha maji cha kupasha moto hewa na kuilainisha, chenye ngazi 1 hadi 8. Kwenye nchi za baridi kavu wengi wanakihitaji. Kwenye chumba cha Mtwara au Lindi chenye madirisha wazi, hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari, na wengi wanalala vizuri zaidi wakiizima. Ukiiacha juu, hasa kwenye chumba chenye feni inayopuliza bomba, mvuke unapoa njiani na kuwa matone: mtu anaamka na maji puani akidhani mashine imeharibika. Zima, au weka 1. Anayetumia kiyoyozi ndiye wa kupandisha hadi 3 au 4, maana kiyoyozi kinakausha hewa, na yeye ndiye mwenye sababu ya kununua bomba la kupasha moto.

Ukiamka na mdomo mkavu, usikimbilie kuongeza maji. Mara nyingi ni mdomo unaachia hewa usiku. Dawa yake ni barakoa ya pua na mdomo, au kutibu pua iliyoziba kwanza.

Ukiyatumia, yawe maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji, yasiyo na chumvi. Maji ya visima vya huku yanaacha utando mweupe chini ya chombo baada ya usiku chache. Na tunasema hili kwa msisitizo: maji ya betri ya kwenye vituo vya mafuta na gereji si ya kuvuta puani. Chupa yake inafanana sana na ya asidi inayowekwa kwenye betri mpya, na zote mbili hukaa rafu moja. Ukikosa maji yanayofaa, zima kipashio ulale bila maji. Mashine inafanya kazi vilevile. Asubuhi mwaga yaliyobaki. Usisafiri yakiwa ndani: kwenye basi la Dar, kilomita 560 na ushee, yataingia kwenye mota.

Umeme

Mashine inatumia volti 24 kupitia adapta yake ya wati 90, inayokubali volti 100 hadi 240 ukutani. Ikiwa na kipashio, mtengenezaji anataja matumizi ya kawaida ya wati 53. Kwa usiku wa saa 8 ni kama 0.42 ya yuniti kwenye LUKU. Kipashio kikizimwa na bomba likiwa la kawaida, kwa presha ya kati haifiki wati 15.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utalala umeme ukikatika. Betri ya sola ya volti 12 na amp-saa 50 ina wati-saa 600, lakini ukitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu, yaani 300. Wati 15 kwa saa 8 ni 120. Unalala usiku mbili na akiba. Wati 53 kwa saa 8 ni 424. Unavuka ile nusu kabla hakujakucha, na ukiendelea hivyo betri inakufa moja kwa moja.

Betri ya volti 12 haiunganishwi moja kwa moja. Kinahitajika kigeuzi kinachopandisha 12 kuwa 24, cha mashine hii hasa, chenye plagi yake. Plagi ya mashine ina pini ya tatu ya katikati na fundi akiunga waya kwa kubahatisha ataiunguza. Inveta inawezekana, iwe ya wimbi safi, lakini yenyewe inakula umeme usiku kucha, kwa hiyo kigeuzi ni bora. Betri ya majimaji isikae chumbani, inatoa gesi. Hiyo iwe nje na waya mnene uingie ndani.

Asiye na betri achague barakoa kwa kufikiria giza. Barakoa ya kuziba pua na mdomo ina valvu inayofunguka presha ikiondoka ili mtu avute hewa ya nje. Hakikisha haijaziba kwa uchafu. Hata hivyo agizo ni kuivua hadi umeme urudi. Ukiamka umeme ukiwa umerudi, kipengele cha SmartStart kikiwa kimewashwa, unaivaa na kuvuta pumzi tu, inaanza.

Usafi, kadi, mtumba

Mto wa barakoa uoshwe kila siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, bomba mara moja kwa wiki, vikauke kivulini. Jua la mchana linaikakamaza plastiki. Usitumie Jik, Dettol wala spiriti. Filta haifuliwi, itazame kila mwezi, ibadilishe isipite miezi sita, na kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi mapema zaidi. Sisimizi hupenda kujificha kwenye joto la mashine, basi miguu ya kigoda isimame kwenye vikopo vyenye maji kidogo.

Taarifa zote zinakaa kwenye kadi ya SD iliyo ubavuni. Kliniki ikiwa mbali, si lazima kusafiri na mashine: toa kadi, isukume kidude chake cha kufungia ili kompyuta isiandike kitu juu yake, nakili mafaili yote na uyatume. Programu ya bure ya OSCAR inayafungua. Tazama mambo matatu: saa za matumizi, matukio kwa saa yanayotakiwa kuwa chini ya 5, na uvujaji ambao kwa asilimia 95 ya usiku usivuke lita 24 kwa dakika. Uvujaji ukivuka hapo, usiamini hizo namba nyingine hadi barakoa irekebishwe.

Kwa mtumba, mtaalamu afungue menyu ya kliniki, aone saa mota ilizotembea na afute mipangilio ya mwenye mashine wa kwanza. Presha ya mtu mwingine si dawa yako. Barakoa, bomba, filta na chombo cha maji viwe vipya. Ukipewa badala yake DreamStation ya kwanza ya Philips kwa bei rahisi, kumbuka mwezi Juni 2021 kampuni hiyo iliziita mashine zake nyingi zirudishwe, kwa kuwa sponji ya kuzuia sauti iliyomo ndani inaweza kuoza na chembe zake zikavutwa. Isiyo na uthibitisho kwamba ilitengenezwa upya, iache. Kwa mpya, ulizia usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Isichotibu

Haitibu kukosa usingizi, wala jinamizi, lile la kuamka mwili umekufa ganzi na kitu kimekukalia kifuani. Hapo ubongo umeamka kabla mwili haujatoka kwenye usingizi wa ndoto, na hakuna presha ya kuondoa hilo. Mlinzi wa ghala la korosho anayebadilishiwa zamu kila wiki anahitaji ratiba kabla ya mashine.

Na msimu wa mabibo, uraka unabadilisha namba. Pombe inalegeza misuli ya koo, kadhalika diazepamu na dawa nyingine za usingizi, na mashine italazimika kupanda presha ambayo siku nyingine haikuhitajika. Kwenye kadi huonekana wazi: usiku mmoja uliopanda peke yake kati ya mingi iliyotulia. Mgonjwa amwambie mtaalamu ukweli wa usiku huo, la sivyo atapandishiwa presha ya kila siku kwa ajili ya jioni moja.